Vita Ikifika Mlangoni mwa Karakana

Nimeishi kwa kazi ya ufumaji, na kwa miaka mitatu niliifanya huku risasi zikilia. Mwenye karakana akiniuliza aokoe nini kwanza, humwomba asianze na bidhaa zilizokwisha kutengenezwa.

Sisi tulianza nazo. Siku ya kuhama tulibeba majora ya kitambaa, tukaliacha chanuo la mti la kukazia mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana wa kitambaa, ambalo meno yake yalikuwa yamelainishwa na mikono ya vizazi vitatu. Kitambaa kiliuzwa kwa bei ya kutupa na fedha zikaisha ndani ya mwezi mmoja. Chanuo lilitugharimu karibu mwaka mzima kulichonga upya, na nguo yetu bado haikazi kama ya zamani.

Watengenezaji wa sabuni wa Aleppo, nchini Syria, walikabili ugumu mkubwa zaidi. Sabuni yao ya mafuta ya zeituni na ya mti wa loreli huchemshwa kwa siku kadhaa, hukatwa na kupigwa mhuri kwa mkono, kisha hupangwa kama minara na kuachwa ikauke kwa miezi 6 hadi 9, kwa hiyo mtaji wa msimu mzima hulala ghalani, na ghala halibebeki. Mapigano yalipoingia mjini humo mwaka 2012, baadhi yao walihamia Gaziantep na Mersin, nchini Uturuki, wakaanza tena, kwa kuwa vipimo vya mafuta walikuwa navyo kichwani. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Kwenye ujuzi huo wa kichwani ndipo sisi tulipokosea zaidi. Aliyejua kuchanganya rangi yetu nyekundu alikuwa mwalimu wetu peke yake. Tulipotengana naye njiani, nyekundu ile tuliipoteza pamoja naye, na inaniuma hadi leo. Nawasihi, hatua yoyote ya kazi ijulikane na watu wasiopungua wawili, tena wasiosafiri pamoja.

Mkishafika ugenini, fumeni blanketi kabla ya nguo za sherehe, kwa sababu aliyekimbia hununua cha kujifunika. Msisubiri mitambo ili kufundisha: mwanagenzi wangu wa kwanza alijifunza kutandaza mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kwenye fito nne zilizochomekwa ardhini, kwa uzi uliofumuliwa kutoka katika fulana kuukuu.