Jeni haiandiki barua ya kujieleza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi nafundisha baiolojia huku Tanga. Mwanafunzi wangu kaandika kwenye jaribio: "Bakteria wa ukoma hubadilisha jeni za seli anayoiingia." Nikamnyima alama, nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "hubadilisha kujieleza kwa jeni." Juzi baba yake kaja shuleni, anauliza jeni inajieleza kwa nani. Tuamue. Halafu, ni bakteria hawa au bakteria hizi?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho maana ni jepesi: bakteria hawa. Ni viumbe hai, hata kama huwaoni bila hadubini. Anayesema "bakteria hizi" ameshawaua kabla ya dawa.

Sasa yule baba. Mpe kiti na chai, kwa sababu ameuliza swali ninalojiuliza kila nikikuta makala ya sayansi yenye jeni "zinazojieleza". Kueleza kumetokana na kuelea: jambo likikuelea umelifahamu, na anayekueleza ndiye anayelifanya likuelee. Anayejieleza, basi, anataka yeye mwenyewe aeleweke, na hilo linafanyika wapi sote tunajua. Umechelewa kazini siku tatu mfululizo. Afisa utumishi anakuita, anakupa saa 48 ulete barua ya kujieleza. Unaandika kichwa cha habari, unakipigia mstari. Unataja daladala iliyokufa njiani, mvua, mtoto mwenye homa. Unaomba radhi, unasaini, nakala inaingia kwenye faili. Niambie, jeni imechelewa wapi? Nakala yake inakwenda kwa nani, kwa ini au kwa figo?

Jeni haina kesi ya kujibu. Ni maandishi ya maagizo, imekaa kimya ndani ya kiini cha seli, na seli ndiyo inayoisoma, inayoinakili na kutengeneza protini kwa kuifuata. Mtenda ni seli. Jeni inatendwa, na kauli ya kutendwa Kiswahili tunayo tena bure: jeni husomwa, jeni hutumiwa. Waliotuletea "kujieleza" walilikuta neno la Kiingereza, "expression", lenye maana zaidi ya moja, wakadaka ile isiyohusika. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, na huko lilimaanisha kukamua. Afadhali wangesema jeni inakamuliwa. Walau tungeambulia tui.

Lakini kijana naye asishangilie. Kubadilisha jeni ni kuyagusa maandishi yenyewe, na bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen huko Norway mwaka 1873, hana haja ya kujisumbua hivyo. Anaingia kwenye seli za Schwann, zile zinazoizungukia mishipa ya fahamu kama ganda la waya. Mwaka 2013 watafiti wa Edinburgh walionyesha, kwa seli za panya, yanayofuata. Jeni zinazoifanya seli hiyo iwe seli ya Schwann huzimwa. Zile za uchangani, zilizolala tangu mnyama alipokuwa tumboni, huamshwa. Seli husahau kazi yake, hurudi utotoni, na kutoka hapo inaweza hata kugeuka kuwa ya msuli, huku imembeba mgeni wake hadi makazi mapya. Maandishi ni yaleyale. Kurasa zinazofunguliwa ndizo zimebadilika. Na mwenye ujanja wote huo ni fukara: amebakiwa na jeni kama 1,600 zinazofanya kazi, nyingine zaidi ya 1,100 zimeharibika, na hakuna aliyefaulu kumkuza kwenye sahani ya maabara. Hana chake, lakini akifika kwa mtu anajua pa kuzimia taa.

Bakteria mwingine, Legionella, aliyefahamika baada ya maveterani waliokutana hotelini Philadelphia mwaka 1976 kuugua vibaya mapafu, yeye hutuma protini iitwayo RomA hadi ndani ya kiini. Protini hiyo hubandika alama kwenye histoni, ambazo ndizo uzi wa DNA, wenye maandishi ya jeni, umezungushiwa, na jeni kadhaa za kinga zinakuwa hazisomwi tena. Hapo mtu wa "kujieleza" atasemaje? Kwamba jeni imekataa kutoa ushahidi?

Andikeni "bakteria hubadilisha usomwaji wa jeni", au "hubadilisha jeni zipi zitumike". Anayetaka neno la kuvalia suti aseme "udhihirikaji wa jeni". Linanikwama kooni, lakini sitamwandama, nimeshazeeka. Kuzima na kuwasha nako ni kuzuri, ila darasani uwe na tahadhari: ukisema jeni "inawashwa", wale wa dawati la nyuma watauliza kama inajikuna.

Kwa hiyo mrudishie kijana nusu alama, kwa kuwa sentensi yake ni Kiswahili safi ingawa baiolojia imepinda. Nusu iliyobaki ungestahili kukatwa wewe, ambaye baiolojia yako imenyooka. Na iwapo yule mzazi ameshafika kwa mkuu wa shule, nawe ukaitwa ofisini, hapo sawa, andika barua ya kujieleza.