Waacheni Watie Chumvi

Swali lenu la wiki liliuliza: "Ni sinema gani unayoipenda kwa moyo wote ingawa wengine wanaicheka?" Mhariri, jibu ninalo siku nyingi, ila sikuwahi kuulizwa. Ni sinema za kutisha za Italia, zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kila ninayemwonyesha ananiambia neno lile lile: hawa jamaa wametia chumvi mno. Damu nyekundu kama rangi ya kucha, muziki unapasua masikio, midomo inasema hili na sauti inasema lile. Nami najibu kwamba hiyo chumvi ndiyo niliyoifuata.

Chukua dakika za mwanzo za Suspiria, filamu ya Dario Argento ya mwaka 1977. Msichana wa Kimarekani ametua Ujerumani usiku, anakwenda kusomea dansi. Anatembea ndani ya uwanja wa ndege kuelekea milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Hakuna muuaji hapo, ni abiria na mabegi yao. Lakini kila milango ile ikifunguka, upepo wa mvua unaingia na muziki wa bendi ya Goblin unaingia nao; ikijifunga, muziki unakatika, unabaki ukimya wa kawaida wa uwanja wa ndege. Anapotoka, kamera inamwacha na kwenda kutazama kwa karibu chuma cha mlango kinavyofyatuka. Binti hajaguswa na mtu, na mimi tayari nimeushika mto kwa mikono miwili.

Akifika chuoni mambo yanazidi. Kuta nyekundu, ukumbi wa buluu, nyuso za kijani. Mpiga picha, Luciano Tovoli, alipitisha taa kali kwenye vitambaa vya rangi na kuziweka karibu kabisa na waigizaji, kisha nakala zikasafishwa kwa ile njia ya zamani ya Technicolor ya kugandisha rangi tatu moja baada ya nyingine, ambayo Marekani walikuwa wameshaiacha. Ndiyo maana wekundu wake unaonekana mzito hata kwenye runinga ndogo. Halafu angalia vitasa vya milango: vimewekwa juu, karibu na kichwa cha mwigizaji. Argento alitaka wanafunzi wawe watoto wadogo, watayarishaji wakakataa, akachukua wanawake wazima lakini vitasa akaviacha kwa kimo cha mtoto anayenyoosha mkono. Mtazamaji hajui kwa nini anahisi mnyonge. Mara ya kwanza hata mimi sikuviona.

Wanaosema watu hawa walikosa kiasi kwa kukosa ufundi hawajamjua Mario Bava, mpiga picha na mwongozaji. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji aliyeingia kwenye kazi ya kamera enzi za sinema bubu, na mwana alilelewa kwenye mbinu hizo za mkono. Katika I vampiri, ya mwaka 1957, mwanamke mrembo anazeeka mbele ya macho yetu bila picha kukatwa hata mara moja. Mikunjo yake ilishachorwa usoni kwa vipodozi vyekundu. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo chini ya taa nyekundu mistari ile haionekani kabisa. Taa ikigeuzwa polepole kuwa ya kijani, mistari inajitokeza myeusi, na miaka inamwangukia mama wa watu kwa pumzi moja. Taa mbili na rangi ya mdomo! Kila nikifika pale huwa narudisha nyuma.

Kuhusu sauti kutolingana na midomo, Waitaliano wakati ule hawakuwa na desturi ya kurekodi sauti wakati wa kupiga picha. Waigizaji walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja anazungumza lugha yake, sauti zikaingizwa baadaye studio. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, mtafsiri akisimulia filamu nzima kwa sauti yake mwenyewe, jambo hilo halikupaswa kutusumbua. Kwangu sauti zile zinazoelea mbali kidogo na mdomo zinaifanya filamu nzima iwe kama ndoto ya homa.

Kuna mahali nakataa. Filamu zao za walaji watu, ambamo wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera, sizitazami na simshauri mtu azitazame. Ninachokipenda ni uongo uliotengenezwa kwa bidii. Mwaka 1971 Lucio Fulci alifikishwa mahakamani kwa sababu filamu yake ilionyesha mbwa waliopasuliwa, moyo ukidunda nje. Fundi wake, Carlo Rambaldi, ilibidi awapeleke mbwa wenyewe mbele ya hakimu: wa bandia, wametengenezwa kwa mkono. Miaka 11 baadaye fundi huyo huyo ndiye aliyemtengeneza yule kiumbe mpole wa filamu ya E.T.

Mdogo wangu hakuyaamini haya. Mwezi uliopita nikamwekea Zombi 2, ya Fulci tena, ya mwaka 1979, pale ambapo mfu mmoja chini ya bahari anamkaba papa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha mfu akamng'ata papa, papa akageuka, mkono ukang'oka, na mdogo wangu akanyamaza.

"Kaka, huyo papa ni wa kweli?"

"Wa kweli."

"Na aliyekuwa kwenye hayo maji?"

Nikamwambia ni Ramón Bravo, Mmeksiko, mpiga picha wa chini ya bahari, amevaa uso wa mfu na hana chupa ya hewa mgongoni. Akaichukua rimoti mkononi mwangu, akairudisha mwanzo.