Moto wa tanuri la samaki ukae wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninabanika sangara na kuuza hapa Musoma. Nimepata pipa la lita 200, nikalilaza na kupasua mlango ubavuni. Kuni naziwasha humo humo chini ya wavu. Mafuta yakidondoka moto unalipuka, samaki anaungua nje na huku kwenye mfupa bado mbichi. Jirani kanishauri niuhamishie moto pembeni. Je, chumba cha moto nikichomelee usawa wa katikati ya pipa, au chini? – Mbanika Samaki, Musoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako kasema kweli. Sangara ana mafuta mengi, na kila tone linaloangukia kaa linarudi juu likiwa mwali na masizi. Moshi wa mafuta yaliyoungua una kemikali zinazohusishwa na saratani, nawe unawauzia watu chakula. Moto uondoke kabisa chini ya samaki. Na kuhusu usawa, nakusihi: chini.

Tanuri langu la kwanza nilimtengenezea mke wangu, nikatoboa tundu katikati ya ubavu wa mwisho wa pipa kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kuchomelea. Tulipanga vipande 12. Vinne vya karibu na tundu ngozi ilijikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa. Vya upande wa pili, mke wangu alipovipasua kwa vidole, maji ya rangi ya waridi yakamchuruzika kiganjani. Moto ulikuwa unapuliza moja kwa moja kwenye samaki wa mbele, kisha unapanda darini na kutoka zake.

Hewa ya moto hupanda yenyewe, huna haja ya kuisukuma. Kwa hiyo sakafu ya chumba cha moto iwe chini kuliko tumbo la pipa, na paa lake lipande kama sentimita 10 tu juu ya tumbo hilo. Hapo panapopishana ndipo ukate tundu la kupitishia joto, upana sentimita 25 na kimo sentimita 8. Wavu wa samaki uukalishe katikati ya pipa, juu kabisa ya tundu. Ndani, juu ya tundu, chomelea bati la kinga lililoinama kidogo kuelekea chini, ili joto litambae sakafuni kwanza kabla ya kupanda.

Kwa ukubwa wa chumba cha moto, mafundi hukadiria theluthi moja ya pipa. Pipa lako ni lita 200, basi sanduku la sentimita 40 kila upande linakupa lita 64, linatosha. Tumia chuma cha milimita 4. Bati la kuezekea usiliguse, zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Na sanduku hilo ni zito, ukuta wa pipa ni mwembamba. Lipe miguu yake ya engo (chuma cha pembe), la sivyo litavuta pipa mpaka weldi ipasuke.

Dohani ikae mwisho wa pili, bomba la inchi 4, na mdomo wake wa ndani uushushe hadi usawa wa wavu. Watu wengi hukosea hapa. Dohani ikianzia darini, moshi unakimbilia juu na kumwacha samaki.

Hewa iingie kwa kidirisha cha chini kwenye mlango wa chumba cha moto, na moto uuendeshe kwa hicho, dohani iache wazi. Moshi mweupe mzito maana yake kuni zinakosa hewa au ni mbichi, na samaki atakuwa mchungu. Unaoutaka ni mwepesi, wa samawati. Mpera na mwembe uliokauka vizuri vinafaa. Msonobari una utomvu, uache.

Uliza pia pipa lilibeba nini. Kama ni dawa za shambani, tafuta jingine, hata ulioshe vipi.

Siku ya kwanza usiweke samaki. Washa moto, subiri utulie, kisha panga vipande vya mkate wavu mzima kwa robo saa. Vya karibu na tundu vikiwahi kuungua, ongeza urefu wa bati la kinga kwa sentimita 5, ujaribu tena na mkate mwingine.