McLaren iliyotumika itashika bei kama Ferrari?

Kwa kifupi, usitegemee. Bei ya magari haya ya kifahari ya mbio haishikiliwi na kasi, hushikiliwa na uchache. McLaren F1 zilitengenezwa 106 tu, na mwaka 2021 moja ilipigwa mnada ikavuka dola milioni 20. Lakini bei ya 12C, modeli nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliporomoka vibaya: ilitoka 2011, na kufikia 2014 tayari mrithi wake, 650S, alikuwa sokoni. Nani tena aitamani ya jana?

Giaboksi nayo ina neno lake. Ferrari 599 zenye gia za mkono ni za kutafuta kwa tochi, na wanaozitaka hulipa mara kadhaa ya bei ya zile za kielektroniki. (Zile za kielektroniki ndizo zenye kasi zaidi, ajabu hiyo!)

Mimi ningechukua gari ambalo mwenyewe wa kwanza keshakula hasara ya miaka ya mwanzo, lenye rekodi kamili za sevisi. Hapo usifanye mzaha. Ferrari F355, kwa mfano, kubadilisha mkanda wa taimingi (unaoratibu vali za injini) tu ni mpaka injini ishushwe. Muuzaji akikosa risiti ya kazi hiyo, kata gharama yake kwenye bei kabla hujasaini.