Begi la Masika

Shangazi, shikamoo. Tunaishi Jangwani, bonde la Msimbazi. Masika yakikaribia silali. Begi la kukimbilia niweke nini?
Mama wa Watatu, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalinikuta hukohuko. Niliokoa televisheni (akili gani ile!), vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikaenda na maji. Kuvipata upya kulinichosha kuliko kuzoa matope.

Anza na karatasi: vyeti, vitambulisho, kadi za kliniki, vyote ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana. Kisha dawa, maji, tochi, noti ndogondogo, namba za simu ulizoandika kwa kalamu. Na khanga mbili: ni shuka, mbeleko, hata kamba.

Lijaribu mgongoni ukiwa umebeba mtoto. Ukiyumba, punguza. Litundike karibu na mlango, usiliweke uvunguni.