Chama cha fiziotherapia Uingereza: ni mwaka gani wa kuandika?

Ndugu, umekwama kwa sababu vitabu vinakupa miaka mitatu ya kuanzishwa kwa chama hiki: 1894, 1920 na 1944. Mwaka wa kuanzishwa ni 1894. Wauguzi wanne, Rosalind Paget akiwemo, waliunda Society of Trained Masseuses (chama cha wakandaji waliofunzwa, ambacho ndicho kilichokuja kuwa chama cha fiziotherapia) baada ya jarida la madaktari kudai kwamba baadhi ya nyumba za ukandaji London zilikuwa madanguro. Usiziruke kanuni zao za kwanza, maana kwa maoni yangu ndizo zilizoiokoa kazi hii: hakuna kukanda bila maelekezo ya daktari, hakuna kujitangaza ila kwenye majarida ya kitabibu, hakuna kumuuzia mgonjwa dawa.

Mwaka 1920 kilipata hati ya kifalme, kikaungana na wenzao wa Manchester, na mazoezi ya tiba yakaingia kwenye jina. Chartered Society of Physiotherapy ni jina la 1944. Usilitumie kwa matukio ya kabla ya hapo.

Ukipata karatasi isiyo na tarehe, soma jina la chama pale juu. Likianza na Incorporated (yaani kilichosajiliwa kisheria, neno lililoongezwa kwenye jina mwaka 1900), karatasi hiyo ni ya kati ya 1900 na 1920.