Maswali ya Kazi: Dola 900 za kujifunza unukuzi wa kitabibu

*Shikamoo Mama. Nina miaka 26, nina cheti cha uhazili na nafanya kazi mapokezi kwenye zahanati ya binafsi hapa Tanga. Nachapa haraka sana na Kiingereza changu si kibaya. Nimeona tangazo la kozi ya mtandaoni ya unukuzi wa kitabibu: miezi minne, ada dola 900, cheti "kinachotambulika Marekani", na ukimaliza unafanyia kazi nyumbani na kulipwa hadi dola 3,000 kwa mwezi. Kaka yangu yuko tayari kunikopesha. Nilipe? – Karani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Usilipe. Si kwa tangazo hilo, na si kwa fedha ya mkopo.

Tuanze na hizo dola 3,000, maana naona ndizo zilizokunyima usingizi. Mnukuzi, yaani anayesikiliza sauti ya daktari na kuiandika iwe ripoti, akifanyia kazi nyumbani kwa kawaida halipwi mshahara. Analipwa kwa mstari, na mstari kwa hesabu ya Wamarekani ni herufi 65, nafasi zikiwemo. Tuseme umempata mwajiri anayetoa senti 5 za dola kwa mstari, na wewe ni mkongwe unayetoa mistari 150 safi kwa saa. Hiyo ni dola 7.50 kwa saa. Ili ufike 3,000 unahitaji mistari 60,000, yaani saa 400. Gawa kwa siku 30, Ijumaa na Jumapili zikiwa ndani, utapata zaidi ya saa 13 kila siku, na hapo kazi iwe inamiminika bila kukatika. Anayeanza hatoi mistari 150. Akitoa 60 ashukuru. Aliyeandika tangazo anaijua hesabu hii vizuri tu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo mimi niliipenda na bado naipenda. Nilianzia chumba cha eksirei cha hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa, enzi za kaseti ndogo, nikichapa ripoti za daktari wa picha. Nyaya za baharini zilipofika hapa mwaka 2009 na intaneti ikaanza kueleweka, nikahamia kwenye kliniki za Marekani. Daktari wa New York akimaliza wagonjwa saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa saba au saa nane usiku. Anasema kwenye simu au kinasa sauti: mgonjwa amekuja na nini, amepimwa nini, amepewa dawa gani, arudi lini. Wewe unaamka alfajiri, unasikiliza, unaandika ripoti kamili, na yeye akifika kazini anaikuta faili imejaa.

Ugumu uko kwenye kusikia. Hakuna daktari anayesema kama msomaji wa taarifa ya habari. Kuna anayetafuna huku anasema. Kuna anayetembea kwenye korido na kitanda cha magurudumu kinampita katikati ya jina la dawa. Kuna aliyesomea India, akaishi Texas, na Kiingereza chake kimebeba nchi zote mbili. Kwenye ripoti ya picha neno "no" humezwa, na kati ya "no evidence of fracture" na "evidence of fracture" kuna mtu anayepelekwa nyumbani na mtu anayefungwa plasta. "Fifteen" na "fifty" ukizichanganya kwenye dozi, umemzidishia mtu dawa zaidi ya mara tatu.

Halafu kuna maneno ambayo sikio peke yake haliyawezi. "Ileum" ni sehemu ya utumbo mwembamba, "ilium" ni mfupa wa nyonga, na yote mawili hutamkwa sawasawa. Kinachokuokoa ni kujua kwamba huyu mgonjwa ameanguka ngazi, hajaja kwa kuharisha. "Dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya kusema, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili kwa mpigo, hapo ndipo jasho linapokutoka. Ndiyo maana ile kasi ya vidole uliyoitaja mwanzo kabisa, mimi huitazama mwisho.

Kozi nzuri, basi, inafundisha mwili wa binadamu, istilahi zenye mizizi ya Kigiriki na Kilatini, majina ya dawa, vipimo vya maabara, na mpangilio wa kila aina ya ripoti. Haya yote unaweza kuyapata kwenye vitabu vya mtumba na masomo ya bure mtandaoni. Kitu kimoja tu ndicho kinachostahili kulipiwa: sauti halisi za madaktari zilizoondolewa majina ya wagonjwa, saa nyingi za sauti hizo, pamoja na binadamu mwenye uzoefu anayekusahihisha mstari kwa mstari. Waandikie hao wenye tangazo uwaulize wana saa ngapi za sauti, na wanaosema humo ni madaktari walio kazini au ni mwalimu aliyekaa studio akisoma taratibu. Waombe kazi moja ya mwanafunzi iliyosahihishwa. Tazama kama aliyeandika "1.0 mg" amerudishiwa. Tangu mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kina orodha ya vifupisho visivyotakiwa, na sifuri hiyo ya mkiani imo, kwa sababu nukta ikififia 1.0 inasomeka 10. Herufi U kwa maana ya "units" imo pia, kwani mtu huiona sifuri au nne. Mwalimu asiyejua orodha hiyo hajawahi kuifanya kazi hii.

Tazama pia wanafundisha nini kuhusu usichokisikia. Jibu sahihi ni moja: acha pengo, andika dakika na sekunde, mpelekee mkaguzi. Kubahatisha ni dhambi. Mkaguzi aliyenifundisha alikuwa anasamehe mapengo matano kwenye ripoti moja, lakini neno moja la kubuni alikuwa analipigia simu, na hiyo simu hukutaka kuipokea mara mbili.

Kuhusu cheti "kinachotambulika Marekani", uliza kinatambuliwa na nani. Serikali kule haitoi leseni ya kazi hii. Kilichokuwa na uzito ni mitihani ya chama cha wanukuzi wenyewe, RHDS kwa wanaoanza na CHDS kwa wazoefu, na hiyo ni mitihani ya chama. Shule haiwezi kukugawia siku ya mahafali. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1978 kikiwa na neno unukuzi kwenye jina lake. Mwaka 2007 kikajiita AHDI na neno hilo likaondoka, yakaja maneno ya kumbukumbu za afya. Walikuwa wameona upepo unakoelekea.

Na upepo umevuma kweli. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria iliyozipa hospitali motisha ya fedha ili zihamie kwenye faili za kompyuta, na madaktari wengi wakaanza kujaza wenyewe. Programu za kutambua sauti zikachukua sehemu nyingine. Nuance, kampuni kubwa ya programu hizo, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2022, na sasa kuna mitambo ya akili mnemba inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa chumbani na kutoa rasimu ya ripoti yenyewe. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani inatabiri kwamba nafasi za wanukuzi zitaendelea kupungua. Iliyobaki kwa wingi ni kazi ya kuhariri kilichoandikwa na mashine, nayo kwa mstari hulipa pungufu ya kuchapa. Usidhani ni rahisi. Mashine huandika sentensi laini kabisa yenye maneno ambayo hakuna aliyeyasema, hasa pale msemaji anaponyamaza, na jicho lililochoka linapita juu yake bila kushtuka. Mchapaji mbovu walau makosa yake yanaonekana.

Jambo la mwisho, ambalo tangazo haliwezi kulitaja, ni mikono mingapi iko kati yako na daktari. Mwaka 2003 hospitali ya chuo kikuu cha California huko San Francisco, UCSF, ilipokea barua pepe kutoka Karachi. Mwanamke aliyekuwa akinukuu ripoti zao alitishia kuweka faili za wagonjwa mtandaoni kama hatalipwa anachodai. Hospitali haikuwa hata na habari kwamba kazi yake inafika Pakistan: ilikuwa imeipa kampuni moja ya California, ikapita kwa mtu wa Florida, kisha kwa mwingine wa Texas, ndipo ikamfikia yeye. Alipopewa sehemu ya fedha aliondoa tishio. Alilofanya ni kosa, kutumia siri za wagonjwa kama rehani. Lakini mimi nimefanya kazi mwishoni mwa mnyororo wa namna hiyo, kwa wakala mmoja ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa na msiba mpya, na najua jinsi ripoti ya senti 12 kwa mstari inavyofika mezani kwako ikiwa ya senti 3. Kabla ya kusaini popote uliza mteja ni nani, malipo yanapitia wapi, na kwa siku ngapi.

Kwa hiyo mwanangu, fanya hivi. Uko ndani ya zahanati tayari, na hiyo ni mtaji. Soma istilahi kwa miezi mitatu bila kulipa. Kisha ulizia hospitali kubwa za binafsi Tanga, Dar na hata huku Mombasa, kwenye vitengo vya picha na maabara ya patholojia, maana huko ndiko bado madaktari husema na karani huchapa. Ukiona kazi imekukaa, stashahada ya kumbukumbu na takwimu za afya itakufikisha mbali kuliko cheti cha miezi minne, kwa sababu kila hospitali ina faili, na faili zinataka mtu. Kaka yako mwambie ahsante, fedha azishike.

*Habari zako Mama. Mimi nimekwisha kuanza kunukuu mahojiano ya kawaida mtandaoni na nataka kujaribu ya hospitali. Nahitaji vifaa gani? – Kijana wa Nakuru*

Salama, kijana wangu. Hedifoni za waya zinazofunika sikio zima, na programu ya kusikilizia kama Express Scribe, ambayo inakuruhusu kupunguza mwendo wa sauti na kurudi nyuma kidogo kila unaposimama. Kanyagio la mguuni ni zuri, mikono haitoki kwenye kibodi, lakini usilinunue kwanza. Vitufe vya F vinafanya kazi hiyo hiyo hadi utakapopata mteja. Jifunze kutumia programu ya vifupisho, uandike herufi tatu itoke sentensi nzima. Umeme wa akiba ni lazima.

Halafu chumba chenye mlango unaofungwa. Nasema kweli. Sheria ya Marekani ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda habari za mgonjwa, na sheria yetu ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inaziweka habari za afya kwenye kundi nyeti. Faili haliingii WhatsApp, haliingii kompyuta ya saiba, na mwenzako wa chumba hasomi juu ya bega lako hata kama anakudai kodi.

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Niko Muscat, nimeolewa huku, kwetu ni Pemba. Je, kazi hii haipo kwa Kiswahili? – Mama Nassor*

Wa alaykum salaam. Ipo, na nashangaa kwa nini haitangazwi zaidi. Ripoti za madaktari wetu huandikwa kwa Kiingereza, hizo tuziache. Lakini watafiti wa afya wanarekodi mahojiano ya Kiswahili mchana kutwa: kina mama kuhusu uzazi, wavuvi kuhusu malaria, wagonjwa kuhusu dawa za kifua kikuu. Taasisi kama Ifakara ya Tanzania, au kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi ambacho kipo tangu mwaka 1989, hufanya tafiti za namna hiyo, na sauti hizo lazima ziandikwe neno kwa neno, mara nyingi na kutafsiriwa Kiingereza. Saa moja ya kikundi cha watu wanane wanaokatizana inaweza kukula siku nzima ya kazi, kwa hiyo bei ipangwe kwa saa ya sauti, tena mkubaliane kabla hujaifungua.

Huku hakuna kusafisha. Mama akirudia "niliambiwa nisubiri" mara tatu, andika mara tatu. Akicheka, andika amecheka. Akitaja jina la nesi, weka alama badala ya jina, kwa utaratibu atakaokupa mtafiti. Na hapa Mpemba ana soko lake, maana mnukuzi wa bara akisikia mahojiano ya Micheweni huacha mapengo ukurasa mzima. Waandikie wasimamizi wa tafiti moja kwa moja, si mawakala. Ambatisha dakika tano ulizonukuu mwenyewe kutoka kipindi chochote cha redio, na uwaambie bei yako kwenye barua ya kwanza.